Muulize Anko Kompyuta: "Ya bure" sawa, ila funguo anashika nani?

Barua za safari hii nimezisoma nikiwa Uyole na baridi lake, blanketi begani chai mkononi, kwa hiyo mkiona mahali nimejibu kwa ukali mjue ni vidole vimeganda. Nyingine nimezikata kidogo maana kuna mtu kaniandikia kurasa nne.

Kaka, mi nina steshenari hapa Mbeya mjini, kompyuta tatu za zamani. Mdogo wangu kaniwekea Linux Mint badala ya Windows na LibreOffice badala ya Word, akasema Windows 10 muda wake umeisha. Kweli mashine zimekuwa nyepesi na vile virusi vya flashi za wanachuo sivioni tena. Shida ni CV. Mtu anakuja na ukurasa mmoja, nikifungua inakuwa ukurasa mmoja na mistari mitatu, ananiangalia kama mimi ndo nimeharibu. Nirudi tu kwenye Windows ya kuchakachua? – Mama Steshenari

Dada pole na kazi. Usirudi. Mdogo wako yuko sahihi, Microsoft walisimamisha masasisho ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka mashine yenye chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0 na prosesa za miaka ya karibuni, hizo zako nadhani hata ukizibembeleza hazitaki. Na ile ya kuchakachua unaweka kitu ambacho hujui kaandika nani, kwenye kompyuta ambayo watu wanafungulia barua pepe zao na kuskani vitambulisho vya NIDA. Siku kikinuka wewe ndo utatafutwa.

Sasa CV. Hujaharibu kitu, ni fonti. Watu wengi wanaandika CV kwa Calibri, na Calibri ni mali ya Microsoft kwa hiyo Linux haiji nayo, basi LibreOffice inatafuta fonti nyingine ya karibu, herufi zake zikiwa pana kidogo tu mstari unasukuma mstari mpaka ukurasa unamwagika. Dawa ipo: fungua Software Manager ya Mint, tafuta fonts-crosextra-carlito na fonts-crosextra-caladea, weka zote mbili, funga LibreOffice ufungue upya. Carlito ina upana uleule wa Calibri herufi kwa herufi, Caladea hivohivo kwa Cambria. Proposo za wanachuo hazikusumbui sana kwa sababu wengi wanatumia Times New Roman, na hiyo mbadala wake Liberation Serif kwa kawaida unao tayari. Atakayekusumbua ni mwenye Word mpya, maana toka 2023 Microsoft walihamia fonti inaitwa Aptos, huyo mwambie aje na PDF. Halafu kuna wale wanaopanga CV kwa kugonga spesi bari mara arobaini ili tarehe ikae kulia, hao hata ukiwa na Word halali ya kununua itavurugika tu ukibadilisha mashine, hao hawana dawa.

Mawili ya haraka. Ukienda View, kisha User Interface, ukachagua Tabbed, vitufe vinakaa kama Word na mteja anaacha kuuliza uliza. Na kwenye Tools, Options, Load/Save, General unaweza kuiambia isevu kwa docx moja kwa moja, usisubiri ikuulize kila mara.

Ila nisiwatetee watu wa LibreOffice kupita kiasi. LibreOffice ikikosa fonti inachofanya ni kulaza jina la fonti, linakuwa italiki kule juu kwenye kiboksi. Basi. Nani ataona hilo akiwa na foleni ya wanachuo sita na umeme unacheza? Kwangu mimi hapo programu ndo yenye kosa, ilitakiwa iseme kwa sauti, "fonti hii sina, ukurasa unaweza kubadilika". Wewe umeishi na aibu ya kosa lisilo lako.

Na mtu asikupoteze ukadanlodi OpenOffice, programu ya ofisi ya bure ya zamani, eti ndo jina unalolikumbuka. Kampuni ya Oracle walipoinunua Sun, waliokuwa wenye OpenOffice, mwaka 2010, waliokuwa wanaiandika wakaona mwenye mali mpya haeleweki, Septemba mwaka huohuo wakabeba kodi (siyo ya TRA, ile ya programu) wakaenda kuanzisha LibreOffice na taasisi yao wenyewe, The Document Foundation. Sisi Mbeya kanisa kugawanyika tunakujua vizuri, jina na jengo vinabaki upande mmoja, kwaya yote inahamia upande wa pili. OpenOffice baadaye ilipewa Apache na bado ipo, ila kwaya ilishahama.

Kijana wangu, mimi ni mwalimu mstaafu, mhazini wa AMCOS ya kahawa huku Mbozi. Kijana mmoja wa hapa kijijini alituandikia programu ya kupima kilo na malipo, nzuri kabisa, akaiweka GitHub, ghala la kodi mtandaoni, akasema ni huria. Sasa amepata kazi Dodoma, simu anapokea akipenda. Nywila zote anazo yeye. Wajumbe wanasema kitu huria hakina mwenyewe, tutafute mtu yeyote aendelee. Ni kweli? – Mhazini

Shikamoo mwalimu. Wajumbe wamepatia nusu. Huria ni habari ya leseni, yaani mmeruhusiwa kuitumia, kuisoma ndani, kuibadilisha na kumgawia mwingine. Leseni haisemi nani anakubali badiliko liingie kwenye nakala kuu, nani anashika nywila, nani anaamka usiku mizani ikigoma siku ya malipo. Hayo ni mambo ya uongozi, na uongozi mwalimu wewe unaujua kuliko mimi. Chama chenu kina katiba, kina bodi, pesa benki haitoki bila saini zaidi ya moja. Programu inayohesabu kilo zenu zote ina kijana mmoja mwenye simu ya kupokea akipenda.

Na msijione wa ajabu, wakubwa nao ndo walianzia hapo. Python, lugha ambayo vijana wote wa chuo wanaisoma, kwa karibu miaka 30 neno la mwisho lilikuwa la mtu mmoja, Guido van Rossum, na cheo chake walikiita kwa utani kabisa dikteta mwema wa maisha. Julai 2018, baada ya ugomvi mrefu juu ya alama moja tu ya kuandikia, akasema nimechoka, sitaki tena, na mrithi siwateulii. Wakakaa, wakabishana, wakapiga kura, mwaka 2019 wakawa na baraza la watu watano na mpaka leo linachaguliwa. Debian, Linux ya aina nyingine, wao walishaandika katiba toka 1998, kiongozi anachaguliwa kila mwaka na kwenye kura kuna chaguo la "hakuna anayefaa kati ya hawa". Mi chaguo hilo nalipenda sana, natamani lifike mbali.

Mfano wa kutisha ni xz. Ni kiprogramu cha kubana mafaili, kimo ndani ya Linux karibu zote, na kilikuwa kinatunzwa na mtu mmoja, Lasse Collin, kwa muda wake mwenyewe. Alikuwa amechoka, na alishasema wazi kwamba hali yake si nzuri. Akaja mtu anajiita Jia Tan, mpole, anasaidia, anatuma marekebisho safi, miaka zaidi ya miwili, na pembeni majina mengine yasiyojulikana yanamsonga Lasse kwamba unachelewesha kazi, mpe mwingine. Akapewa funguo. Mwaka 2024 huyo Jia Tan akapachika mlango wa nyuma wa kuingilia kwenye seva za watu. Uligunduliwa Machi 2024 na Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, kwa sababu aliona kuingia kwenye mashine yake kunachelewa kama nusu sekunde. Nusu sekunde, mwalimu! Sisi huku ukurasa ukichelewa dakika tunalaumu mvua.

Kwa hiyo "mtu yeyote aendelee" hapana. Fanyeni hivi mapema kabla uhusiano na kijana haujaharibika. Mpigieni, sio kwa kumfokea, mwambieni afungue akaunti ya shirika kwenye GitHub kwa jina la chama, wamiliki wawe watatu, yeye mmoja, wewe mmoja na mwingine mtakayemchagua, na barua pepe iwe ya chama na sio ya mtu. Aandike faili la leseni, maana mtu akisema kwa mdomo ni huria bila kuandika, kisheria bado ni yake. Kisha karatasi moja tu kwenye faili la chama: badiliko la bei ya kilo anaidhinisha nani, anajaribu nani kabla halijaanza kutumika. Na data za wakulima ni kitu kingine kabisa, usichanganye na programu, hizo zisiende GitHub hata kwa bahati mbaya, nakala yake kila wiki kwenye diski inayolala nyumba nyingine. Na kijana mlipeni. Mnamlipa anayebeba magunia.

Kamwene Anko. Nina tovuti ya duka la mbegu Njombe, iko kwenye WordPress, ile programu ya kujengea tovuti. Nasikia mabosi wa WordPress wameshtakiana Marekani. Tovuti yangu itazimwa?

Kamwene. Haizimwi, kodi iko chini ya leseni huria ya GPL na hakuna wa kukunyang'anya nakala uliyonayo. Ugomvi ni huu: Septemba 2024 Matt Mullenweg, mmoja wa waanzilishi, aliishambulia hadharani WP Engine, kampuni inayohifadhi tovuti za WordPress, kwamba inavuna bila kuchangia, ikafungiwa kupata plagini (viprogramu vya nyongeza) na masasisho kutoka WordPress.org, nao wakaenda mahakamani, na Desemba mahakama ikaamuru wafunguliwe. Tatizo likaonekana hapohapo, kwamba kodi ni ya wote ila ghala la plagini linashikwa na mtu mmoja. Wewe weka bekapu na uendelee kuuza mbegu.

Shikamoo Anko. Nasoma Iringa, mradi wangu wa mwisho ni apu ya wakulima wa nyanya Ilula kutangaza mzigo kwa madalali. Nilimpelekea mama na majirani zake, hawakufika hata mwisho wa kujiandikisha. Msimamizi anasema wakulima wapewe semina kwanza. Nimekata tamaa. – Binti wa Ilula

Marahaba mwanangu. Usikate tamaa, umepata bahati ambayo wenzako wengi hawana, umeona watu wakikwama kabla hujamaliza.

Semina ya nini? Muulize msimamizi, mama anayebonyeza *150*00# akatuma hela ya ada, akaangalia salio, akatoa, yote bila kusoma kwa sababu namba kazikariri kama sala, huyo hajui teknolojia? Anajua sana. Kinachomshinda ni apu yako, samahani kwa kusema hivyo. Naweza kubashiri pa kukwama bila kuiona: mahali pa namba ya simu inadai ianze na 255 na yeye kaanza na sifuri, inaandika kwa rangi nyekundu "Invalid input" na yeye anadhani ameharibu simu. Jina umeweka viboksi viwili, yeye ana majina matatu. Vile vistari vitatu pembeni ndo menyu, nani alimwambia? Msimbo wa kuthibitisha umekwenda laini ya pili ambayo iko kwenye simu ya kitochi ya baba. Mtandao ukikatika akirudi anaanza upya. Hapo bado bando.

Jakob Nielsen, mtu aliyekula chumvi kwenye mambo haya ya urahisi wa kutumia programu, aliandika mwaka 2000 kwamba ukijaribu na watu watano tu unashaona sehemu kubwa ya matatizo, haina haja ya mia. Watano unao hapo nyumbani. Mpe mama mmoja mmoja simu, mwambie "tangaza tenga kumi za nyanya", halafu nyamaza. Hiyo ndo kazi ngumu kuliko yote, kunyamaza. Usimwoneshe, usinyooshe kidole, usiseme "hapo juu mama". Andika alipokwama na alisema nini, rekebisha, rudi kwa wengine. Mi niliwahi kumfanyia jirani muuza viazi kitu kama hicho, nikajikuta nimeshika simu yake mwenyewe dakika ya pili, jaribio likafa hapo.

Maneno pia. Kiswahili cha apu kiwe cha shambani. Mwaka 2004 watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya ofisi kwa Kiswahili, kazi kubwa na nawavulia kofia, ila "wasilisha" kwa mama wa Ilula ni kitu cha bungeni. Andika "tuma".

Na ukishapata mpangilio ambao wameuzoea usije ukaupindua kwa sababu umeona mwingine mzuri zaidi. GNOME, wanaotengeneza sura ya skrini ya Linux, walifanya hivyo mwaka 2011, toleo la 3, menyu na vitufe walivyozoea watu vikaondoka, malalamiko yakawa mengi mpaka Linux Mint wakatengeneza sura yao wenyewe, Cinnamon, ili watu wapate menyu yao pale chini kushoto. Ndiyo hiyohiyo naamini ipo kwenye kompyuta za yule dada wa steshenari hapo juu, na ona hakulalamikia menyu hata kidogo.

Mchukue mama mzee kuliko wote aanze, halafu niandikie yule wa tatu alikwama wapi, maana nabashiri ni pale pa picha ya mzigo.