Ukubwa wa chembe huanzia kwenye chupa ya maji: kwa wanaoanza kazi ya erosoli

Ndugu mnaojiunga na kazi ya erosoli, yaani chembe ndogo zinazoelea hewani, hapa Mbeya, najua mashine inayochambua chembe kwa ukubwa itawavutia kuliko kitu kingine chochote maabara, lakini nawasihi muanze na chupa ya maji. Tunapopuliza mmumunyo wa chumvi, matone hukauka na kuacha chembe ambayo kipenyo chake hufuata kipeuo cha tatu cha kiasi cha chumvi kilichokuwamo. Tone la mikromita 1, lenye gramu 1 ya chumvi kwa kila lita ya mmumunyo, huacha chembe ya nanomita 77 hivi. Anayetaka nusu ya kipenyo hicho hana budi kuuzimua mmumunyo mara nane, wala si mara mbili.

Kwa kanuni hiyohiyo, uchafu wa miligramu 1 tu kwa lita huacha chembe zenye kipenyo cha takriban moja ya kumi ya hizo, nanyi mtazihesabu mkidhani ni chumvi. Kuchemsha maji ya bomba hakuondoi madini. Pulizeni kwanza maji matupu yaliyosafishwa, mkahesabu kinachotoka, ndipo mtie chumvi.

Katika miezi ya mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili, angalieni sana ukaushaji. Chembe ya chumvi iliyolowa haigandi mpaka unyevu wa hewa ushuke hadi asilimia 45 hivi, kwa hiyo silika jeli, yaani punje zinazonyonya unyevu, ibadilishwe mara inapoanza kugeuka rangi.

Mashine huchambua kwa mwendo wa chembe katika uga wa umeme. Mkichagua nanomita 100, chembe za nanomita 150 hivi zenye chaji mbili zitapita pamoja nazo kwa kuwa mwendo wao katika uga huo ni sawa, na lazima mzitoe katika hesabu.

Jambo ambalo vitabu vingi havitawakumbusha ni mwinuko wetu. Katika mita 1,700 hivi juu ya bahari, kanieneo ya hewa ni takriban hektopaskali 830, ilhali pwani ni 1,013, na chembe ndogo hupenya kwa urahisi zaidi katika hewa nyepesi. Ingizeni kanieneo ya hapa katika programu. Vilevile, lita moja ya kipimo sanifu, yaani ya hewa yenye kanieneo ya pwani, ni kama lita 1.2 za hewa ya Mbeya. Kwa hiyo kila mnapoandika mtiririko daftarini, tajeni ni lita za aina gani.