Walimu wapya, njooni kikaoni na daftari la mahudhurio

Tumsifu Yesu Kristo. Naandika kwa ajili ya walimu watakaoripoti Januari katika shule za msingi za Kanisa huku Tabora, hasa wale ambao ndio kwanza wanatoka chuoni na bado vyeti vyao vina harufu ya mashine ya kuchapia. Nimefundisha miaka 14, mingi kati ya hiyo nikiwa mwalimu wa darasa. Tumefunga shule juzi, mvua zimeshika, maembe yanaanguka juu ya bati usiku kucha, na kichwa changu bado kiko kikaoni.

Kila mwaka watoto wa bweni wakishaondoka, sisi hubaki siku mbili. Siku ya kwanza ni mafungo: paroko anatupa tafakari, tunaungama, tunaadhimisha Misa. Siku ya pili tunakaa kuutazama mwaka, na hapo ndipo mgeni hushangaa. Sista, ambaye ndiye mwalimu mkuu wetu, hataki kuona karatasi ya wastani wa alama mezani. Kila mwalimu wa darasa aje na daftari la mahudhurio. Matokeo yana kikao chake cha taaluma, na kule tunabanana kweli kweli. Kikao cha Desemba ni cha kusoma majina, moja baada ya jingine, mpaka darasa liishe.

Mwaka wangu wa kwanza niliona tunapoteza muda. Nilikuwa na watoto 43 wa darasa la tatu, nimeandaa jedwali la alama kwa kalamu za rangi mbili, natamani kuulizwa. Tulipofika jina la 17, Sista akasema, "Mwalimu, huyu mtoto mwaka huu amekuwaje?"

Nikajibu, "Alipata 38, Sista."

"Hiyo nimeiona. Nakuuliza habari za mtoto."

Sikuwa na la kusema. Nilijua alama zake za Hisabati za mihula yote miwili, lakini sikujua anaishi na nani. Kwenye ripoti yake, iliyokwisha kwenda nyumbani, nilikuwa nimeandika kwa mkono wangu: "Mzembe wa kuandika. Aongeze bidii." Ni maneno ambayo walimu tunayaandika kwa wepisi sana tukiwa na ripoti 43 za kumaliza kabla ya saa kumi jioni.

Januari bibi yake alikuja na ile ripoti, ameikunja vizuri ndani ya mfuko wa nailoni. Nikamwamkia, akaitikia, akakaa. Hakuja kugombana. Akaniambia, "Mwanangu mwalimu, wewe umesoma, mimi sikusoma. Lakini huyu mjukuu wangu akichambua maharage anayaleta mpaka puani. Nimeona niseme." Basi. Akanyamaza, akaningoja.

Mtoto alikuwa haoni. Mwaka mzima alikaa dawati la nyuma karibu na dirisha, akinakili kutoka kwenye daftari la mwenzake kwa sababu maandishi ya ubaoni kwake yalikuwa vumbi tupu la chaki. Mimi nilimwita mzembe na nikapiga mhuri wa shule chini yake. Alipelekwa kliniki ya macho, akapata miwani, nasi tukamhamishia dawati la mbele. Baada ya wiki chache nilimkuta amerudi mwenyewe kule nyuma kwa rafiki yake. Nilipomuuliza, alinisomea tarehe iliyokuwa ubaoni. Yule bibi nilimfuata Jumapili moja baada ya Misa nikamwomba radhi, na mtoto naye nikamwomba radhi mbele ya darasa, kwa kuwa darasa lilinisikia mara nyingi nikimkemea.

Ndiyo maana jambo la kwanza ninalowasihi linahusu ile nafasi ndogo ya maoni ya mwalimu wa darasa. Andika ulichokiona, hukumu iache. "Hamalizi kunakili kazi ya ubaoni, ila akiulizwa kwa mdomo anajibu vizuri." Sentensi kama hiyo ingemfikisha yule mtoto kliniki mwezi wa Machi. Neno "mzembe" halimwambii mzazi afanye nini zaidi ya kushika fimbo. Na kama mwaka umeisha huna sentensi ya kuandika juu ya mtoto, usibuni. Nenda kamwangalie wiki hiyo iliyobaki.

Sasa daftari la mahudhurio. Chuoni mlifundishwa kulijaza, nadhani hakuna aliyewafundisha kulisoma. Chukua la mwaka mzima, fuata mstari wa mtoto mmoja kwa kidole kuanzia Januari. Utaona vitu. Yuko anayekosa kila Jumatatu, na ukiuliza utagundua mwisho wa juma anakwenda kwa mzazi mwingine mbali na mjini. Yuko anayekosa siku za gulio. Na huku kwetu kuna tumbaku. Wazazi wengi wa Urambo, Kaliua na Sikonge wanaishi kwa zao hilo, na majani yakianza kuvunwa, kutungwa na kuingizwa kwenye bani kukaushwa, kila mkono wa nyumbani unahesabiwa, hata mkono wa mtoto wa darasa la nne. Mstari wake unajaa alama za utoro kwa majuma mfululizo. Ukimkuta kwenye mstari wa asubuhi ukamchapa, umemwadhibu kwa kalenda ya shamba ambayo hakuipanga yeye. Mwite mzazi mapema, mkubaliane kabla msimu haujaanza. Nimeona wazazi wakielewa, wakiongeleshwa kama watu wazima.

Tumbaku hiyo hiyo inagusa ada. Mkulima analipwa baada ya mauzo, katikati ya mwaka, na malipo yenyewe yanaweza kuchelewa. Shule inataka fedha Januari. Mhasibu ana kazi yake na simlaumu, kwa sababu mishahara yetu inatoka hapo hapo na mapadre na masista hawana mti wa kuchuma noti. Lakini wewe mwalimu wa darasa usikubali hata siku moja kusimama mstarini na kusoma majina ya watoto wanaodaiwa. Nilifanya kazi kwenye shule moja ambako hilo lilikuwa jambo la kila Ijumaa. Nilisoma majina hayo kwa sauti yangu, na mpaka leo nakumbuka nyuso. Deni ni la mzazi na barua iende kwa mzazi, imefungwa. Ukilazimishwa, kataa kwa adabu, eleza sababu, kubali kuandikiwa barua ya onyo kama ndivyo itakavyokuwa. Katika shule yenye msalaba juu ya mlango wa ofisi, mtoto asiaibishwe kwa umaskini wa nyumbani kwake. Hapa sitalegeza neno.

Kingine: kikao chetu hakiwi cha walimu peke yao. Sista huwaita mama wa jikoni, mlinzi na dereva. Mwaka juzi mlinzi alisimama, na huyo si mtu wa maneno mengi, akasema kuna mtoto wa darasa la pili anayekaa naye getini kila siku mpaka saa kumi na mbili jioni akisubiri baba yake atoke kwenye bodaboda. "Huwa namgawia kiporo changu," akasema. Sote walimu tulikuwa tunamwona yule mtoto asubuhi, anasinzia, na tulishamwandikia kwamba hana usikivu. Mama wa jikoni naye anajua nani anaficha nusu ya andazi mfukoni ampelekee mdogo wake. Ukiwa mgeni, wasalimie hawa kwanza kabla hujaulizia chumba cha walimu kiko wapi. Kaa nao mara moja moja na kikombe cha uji. Wanaijua shule kwa saa ambazo wewe hupo.

Mtakuta pia kwamba Novemba, mwezi wa kuwaombea marehemu, tunasoma majina ya wazazi na ndugu wa watoto waliofariki. Msikae mkihesabu dakika. Andika pembeni ni mtoto wa darasa gani na amefiwa na nani. Muhula unaofuata usije ukatoa insha ya "Baba yangu" kwa mtoto aliyemzika baba miezi minne iliyopita. Mwenzetu mmoja aliitoa. Mtoto alirudisha karatasi tupu akapewa sifuri.

Suala la dini nalo nilisemee kidogo, maana wageni hupotea pande zote mbili. Tabora ni mji wa Kiswahili wa siku nyingi, na watoto wa Kiislamu wamo katika madarasa yetu kwa sababu wazazi wao wametuamini. Wao hawapo pale ili tuwabadilishe. Kwenye maigizo ya Noeli usimpe mtoto wa Kiislamu kanzu ya mchungaji wa kondoo kabla hujazungumza na nyumbani kwao. Kuna baba aliyeniambia, "Mwalimu, aimbe tu, ila magoti asipige," tukaelewana hivyo na mtoto akaimba kwa raha zake. Wakati wa sala ya mwisho wa mwaka wanakaa kimya na heshima, nasi wakati wa Idi tunawatakia heri kwa majina. Ukishindwa hapo, somo lako la upendo wa jirani halina atakayelisikiliza.

Na watoto wenyewe wautafakari mwaka, tusiwafanyie sisi. Wakatoliki wamezoea kuchunguza dhamiri kabla ya kitubio, nami hutumia njia hiyo kwa darasa zima bila kuigeuza katekesi. Wiki ya mwisho nawapa karatasi mbili, kila moja na swali lake: nani alikusaidia mwaka huu, na nani ulimkosea? Hawaandiki jina lao, na mimi sizikusanyi karatasi za swali la pili. Hilo la pili kila mtu analishughulikia mwenyewe kabla ya kengele ya mwisho. Mwaka huu watoto saba wa darasa la nne walikwenda jikoni wakiwa wamepanga mstari. Walikuwa wanamwita mama wa jikoni jina baya nyuma ya mgongo wake tangu muhula wa kwanza, naye alilijua. Walipomwomba msamaha alikaa chini kwenye kigoda akalia, halafu akawaambia waoshe masufuria. Wakaosha.

Maandalio ya somo, azimio la kazi, shajara: mtajifunza kwa wenzenu ndani ya mwezi mmoja, sina haja ya kurefusha. Jueni tu kwamba mtaala ulioanza Januari 2024 umetuletea makundi mawili yanayokimbia sambamba. Waliokuwa darasa la tatu mwaka ule wanamaliza elimu ya msingi darasa la sita, waliokuwa la nne wanamaliza la saba, na wote watamaliza mwaka 2027. Kwa hiyo Januari 2026, darasa la tano na la sita yatakuwa ya watoto watakaoondoka siku zilezile kwa mitaala tofauti. Ukipangiwa moja ya madarasa hayo, muulize mwalimu wa taaluma mapema vitabu vipi ni vya kundi lipi. Nimeona mgeni akifundisha mada nzima kutoka kitabu kisicho chake.

Siku ya kwanza mtasimuliwa historia, na ni historia ya kweli: Mapadre Weupe, wale wamisionari Wakatoliki, walifika Tabora mwaka 1878, na kijana Julius Nyerere alipotoka Makerere alikuja kufundisha shule ya St. Mary's hapa mjini kuanzia 1946. Sikilizeni kwa heshima, mnasimama mahali wengine waliposimama. Lakini msiogope. Na yeye aliingia darasani mara ya kwanza akiwa hajui jina la mtoto hata mmoja.

Nafikiri sana kwamba sisi tunafunga vitabu wakati Kanisa limeanza mwaka wake. Majilio, majuma ya kuingojea Noeli, yameingia, Dominika ya kwanza imepita, na darasa langu ni madawati yaliyopangwa juu ya mengine. Ni wakati mzuri wa kukabidhiana. Sista amenipangia darasa la pili, kwa hiyo darasa langu la mwaka huu linakwenda kwa mmoja wenu, sijui nani.

Nimekuachia kaunta buku. Kila mtoto ana ukurasa wake, wote 41. Nimeandika anakaa na nani, anarudi vipi nyumbani, anaogopa nini, anaweza nini, na mahali nilipomkosea mimi ili wewe usirudie. Namba 9 usimkalishe karibu na mlango, sikio lake la kulia halisikii vizuri. Namba 26 hasemi kitu kwa Kiingereza, ila muulize kwa Kiswahili habari za mizinga ya babu yake uone. Namba 33 ada yake italipwa Julai, tumeshakubaliana na baba yake na barua iko kwa mhasibu. Daftari liko ofisi ya taaluma, kabati la chuma, rafu ya chini, na ufunguo anao Sista. Lisome Jumapili jioni, kabla hujaita majina Jumatatu.