Picha uliyoisimamisha kwenye simu haitoshi kumhukumu mwamuzi

SWALI: Mwalimu, salaam. Mwanangu wa miaka 12 anacheza besiboli hapa Columbus, Ohio. Jumamosi alipiga mpira, akakimbilia beisi ya kwanza, mwamuzi akasema ametoka, yaani mpira ulimtangulia kwenye glavu ya anayelinda beisi. Nilikuwa narekodi kwa simu kutoka kwenye uzio. Nimeisimamisha video, na mguu wake unaonekana uko juu ya beisi wakati mpira haujaingia kwenye glavu. Picha nimeituma kwenye kundi la wazazi. Ligi kuu wanakagua maamuzi kwa video. Kwa nini watoto wetu wahukumiwe kwa macho tu? Si afadhali besiboli yote itumie video? – Baba Neema

JIBU: Baba Neema, salaam. Kwa ligi kuu ya Marekani jibu langu ni ndiyo, bila kusita. Tarehe 2 Juni 2010, mjini Detroit, mrushaji Armando Galarraga alibakiza mpigaji mmoja tu akamilishe mchezo usio na doa: wapigaji 27, wote 27 watoke, asifike beisi hata mmoja. Jason Donald, wa 27, alitanguliwa na mpira kwenye beisi ya kwanza, lakini mwamuzi Jim Joyce akasema yuko salama. Alipoiona video baada ya mechi, Joyce alikiri na kuomba radhi huku analia. Enzi hizo video iliruhusiwa kwa homurani zenye utata pekee, yaani mipigo inayoutoa mpira nje ya uzio, tangu Agosti 2008, hivyo uamuzi ukabaki. Kumbebesha mwamuzi mzigo wa namna ile, na kamera za kumwokoa ziko pale pale uwanjani, ulikuwa ukatili.

Mwaka 2014 mlango wa video ukapanuliwa. Meneja, yaani kocha mkuu wa timu, anapinga uamuzi, waamuzi walioko New York wanatazama, jibu linarudi uwanjani. Msimu huo wa kwanza karibu nusu ya maamuzi yaliyokaguliwa yalibadilishwa. Nasema yaliyokaguliwa, maana kuna watu wanaeneza kwamba waamuzi hukosea nusu ya kazi yao. Meneja hapingi mpaka watu wake wa video wamwambie kuna la kupinga.

Ila ulichonacho wewe ni simu, na kila wiki naletewa picha ya simu iliyosimamishwa, na kila anayeileta anaamini kwamba ukishasimamisha umeuona ukweli. Imani hiyo inanichosha kuliko kitu kingine chochote katika kazi hii.

Fanya hesabu nami. Simu nyingi hurekodi picha 30 kwa sekunde. Tuseme mtoto amerusha mpira kwa kilomita 80 kwa saa. Huo ni mwendo wa mita 22 kwa sekunde. Kati ya picha moja na inayofuata mpira umesafiri sentimita 70 na zaidi, na katika nafasi hiyo simu haikuona kitu. Halafu soma tena maneno yako: mguu "uko juu ya beisi". Umegusa, au bado uko hewani? Ukiwa kwenye uzio, pembeni, huwezi kujua, kwa sababu picha bapa haikuonyeshi umbali kati ya soli na beisi wala kati ya mpira na glavu.

Mwamuzi aliyefundishwa hatazami vitu viwili kwa pamoja. Jicho linabaki kwenye beisi kuusubiri mguu, sikio linasubiri mlio wa mpira kutua kwenye glavu. Wewe ukiwa mita 30 kutoka hapo, mlio huo unafika kwenye simu umechelewa karibu sehemu ya kumi ya sekunde, yaani karibu picha tatu. Kwa hiyo hata sauti ya video yako haikusaidii.

Na usidhani kamera za mamilioni humaliza ubishi. Tarehe 11 Aprili 2021, Atlanta, Alec Bohm wa Phillies, timu ya Philadelphia, aliteleza kuelekea beisi ya nyumbani, ambako mkimbiaji akifika anapata pointi, akahesabiwa salama. Watazamaji waliona kwamba mguu wake haukuigusa. Video ikakaguliwa, ikaamuliwa ushahidi hautoshi kuubadilisha uamuzi, na Phillies wakashinda 7-6. Mapema msimu wa 2014 tatizo lilikuwa jingine kabisa: mchezaji anadaka mpira vizuri, unamponyoka anapoutoa kwenye glavu ili aurushe, na wakaguzi wanahesabu kwamba hakuudaka. Kamera haikukosea hapo hata kidogo. Ilibidi ligi ibadili tafsiri ya kanuni tarehe 25 Aprili, msimu ukiwa na mwezi mmoja hivi tu.

Fainali za besiboli ya watoto pale Williamsport, Pennsylvania, nazo hukagua kwa video, kwa kuwa televisheni imeshazungushia uwanja kamera. Uwanja wenu wa mtaani una uzio na simu za wazazi.

Hapo ndipo matapeli wanapoingia. Wanawauzia viongozi wa ligi za vijana programu ya simu: ifunge kwenye uzio, itakuambia kama mrusho umepita eneo halali mbele ya mpigaji (straiki) au nje yake (boli). Ligi kuu, kwa upingaji wa maamuzi ya straiki na boli ulioanza msimu wa 2026, inategemea kamera nyingi zilizopangwa kuzunguka uwanja mzima, na eneo la straiki linapimwa kwa urefu wa kila mpigaji. Kamera moja ya simu nyuma ya mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji, haiwezi kujua mpira ulikuwa kimo gani ulipovuka beisi ya nyumbani. Anayekuuzia ahadi hiyo anakula pesa za watoto.

Kocha wenu ana haki ya kuomba muda na kuuliza kama kanuni imetumika sawasawa. Uamuzi wa jicho, ametoka au yuko salama, haukatiwi rufaa. Picha ile iondoe kwenye kundi leo, maana wengi wanaochezesha mechi hizi ni vijana wa sekondari, na wanaacha kazi kwa sababu ya picha kama hizo. Pesa ya programu mlipeni mwamuzi wa pili. Mwamuzi akiwa peke yake huanzia nyuma ya mdakaji, kisha akimbie kutafuta pembe ya kuiona beisi ya kwanza, na mara nyingi mpira unafika kabla yake. Wa pili angekuwa tayari amesimama hatua chache kutoka beisi, akitazama mguu wa mwanao.