Jirani anaugua, nami nimechoka: maswali yenu kuhusu imani ya kila siku

SWALI: Bwana Yesu asifiwe. Nimepanga Mbagala, kazi yangu iko Kariakoo. Mama wa chumba cha pili amepata kiharusi, upande wa kulia hauna nguvu. Binti yake ni mama ntilie, anatoka saa kumi alfajiri. Jumuiya walikuja, wakaomba, wakaondoka. Kumgeuza na kumlisha kumebaki kwangu. Jioni akiniita, moyo unakuwa mzito. Je, natenda dhambi?
Mama Wawili, Mbagala

JIBU: Amina, mama. Kuchoka si dhambi. Soma tena Luka 10:34-35, taratibu. Msamaria alifunga majeraha, akampandisha yule mtu kwenye mnyama wake, akamuuguza usiku ule. Kesho yake akampa mwenye nyumba ya wageni dinari 2, yaani ujira wa kibarua wa siku mbili, akaahidi kurudi kulipa kitakachozidi. Kisha akashika njia. Mgonjwa hakutupwa, na safari haikufa, kwa sababu kulikuwa na mtu wa pili.

Huyo wa pili ndiye unayemkosa. Jumuiya yenu ilileta sala bila zamu, na Yakobo 2:16 inalikemea jambo hilo waziwazi. Nenda kwa mwenyekiti wa jumuiya na karatasi yenye siku saba, kila siku jina la asubuhi na jina la jioni, pamoja na saa. Msikubali "atakayepata nafasi", maana hapo kila mmoja humtegea mwenzake. Wewe chukua jioni mbili tu. Mchana waombeni wapangaji wanaoshinda nyumbani, Wakristo na Waislamu. Kumgeuza hakuchukui dakika tano.

Wote wafundishwe namna moja. Ageuzwe kila baada ya saa 2: ubavu, mgongo, ubavu wa pili. Mto mmoja katikati ya magoti, mwingine nyuma ya mgongo ili aegemee kidogo, asilalie fupa la nyonga. Mto chini ya vigimbi vya miguu, visigino visiguse godoro. Asivutwe kwa mkono uliopooza, bega linaweza kuteguka. Mkimwogesha, kagueni makalio, nyonga na visigino. Kwenye ngozi nyeusi wekundu haujitokezi vizuri, kwa hiyo gusa: pakiwa na joto au pagumu kuliko pembeni, kidonda kinaanza. Msipasugue, kusugua kunaumiza nyama ya ndani. Asilalie tena pale, na muuguzi wa zahanati apaone.

Uji apewe akiwa ameketi wima, kijiko kidogo kidogo, upande wa mdomo wenye nguvu, na abaki ameketi dakika 30. Akikohoa au sauti ikiwa ya majimaji, acheni kumlisha, apelekwe hospitali. Chakula kinaweza kuwa kinaingia mapafuni.

Jioni zisizo zako, lala. Ukiitwa, toka umwite aliye zamu.

SWALI: Kituoni Kimara kuna mtu huniomba nauli ya kwenda kwao. Nilimpa, kesho yake nikamkuta palepale. Nimnyime?
Kijana wa Kimara

JIBU: Mlipie kwa konda au dirishani, yeye akiwa pembeni yako. Mwenye shida ya safari atapanda. Anayeomba hela ya dawa, tazama cheti chake, nenda naye duka la dawa, lipa hapo. Dakika kumi zitakupotea, na hiyo ndiyo sehemu ngumu ya kutoa hapa mjini, kuliko hata hela yenyewe.

Halafu tenga fungu la wiki mapema, hata shilingi 2,000, mfuko wake peke yake. Katika Walawi 19:9 mkulima aliambiwa asivune hadi pembeni mwa shamba: sehemu ya maskini ilibaki shambani kabla mavuno hayajafika nyumbani. Fungu likiisha, kusema "la wiki hii limekwisha, ndugu yangu" si uongo. Mwambie ukimtazama usoni, na mwulize jina lake.