Mwanangu, wote wanaokudai wana haki

Tukuyu, Desemba

Mwanangu mpenzi,

Huku hatujambo, ila mvua haitupi nafasi ya kuanika hata leso. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Makao makuu wanataka mauzo ya mbolea yapande, mkaguzi anataka stoo ilingane na daftari hadi mfuko wa mwisho, vijana wako hapo tawini Iringa wamechoka, na wakulima wanaulizia mbegu mpya ambazo hamjawahi kuleta. Ukamalizia: "Mama, nimsikilize nani?"

Ule mchoro wa darasani ulionitumia ulinichekesha, si kwa dharau. Wataalamu wa mambo ya mashirika, Quinn na Rohrbaugh, waliuchora mwaka 1983: mstari mmoja kati ya udhibiti na kunyumbulika, mwingine kati ya mambo ya ndani na ya nje, zikapatikana pembe nne. Watu, utaratibu, malengo, mabadiliko. Hao wanne wanaokudai, kila mmoja ana pembe yake humo. Nilicheka kwa sababu mimi niliishi miaka kwenye pembe moja nikidhani ndiyo nyumba nzima.

Pale kiwanda cha chai, nilipokuwa msimamizi wa zamu, pembe yangu ilikuwa utaratibu. Usiku mmoja wa Aprili magari ya majani yalifika kwa mkupuo, yalikuwa yamekwama kwenye tope mchana kutwa. Nikasimama kwenye mizani: kila gunia lipimwe, liandikwe, lisainiwe, ndipo likamwagwe kwenye vitanda vya kunyaushia. Mzee mmoja wa kupakua akaniita, "Mama, tia mkono humu." Nikatia. Joto, kama uji uliofunikwa. Majani mabichi yakibanwa yanajichemsha yenyewe, na yakishaiva mekundu ndani ya gunia hakuna mashine ya kuyarudisha. Kilo 4 au 5 za majani ndizo hutoa kilo 1 ya chai kavu. Hebu piga hesabu ya hasara. Daftari langu usiku ule lilikuwa safi kabisa. Chai ilikuwa mbovu.

Msimu uliofuata nikajirekebisha kupita kiasi. Nikawa mama huruma: mwenye mguu unaouma aende zake, waliochoka, basi mashine watasafisha kesho. Kesho ikawa keshokutwa, chai ikaanza kunuka uchachu. Huruma haikuwa na kosa, kosa ni kwamba niliiachia zamu nzima peke yake.

Tangu hapo siulizi nani mkubwa, nauliza kipi kitaharibika kwanza. Kwako sasa hivi ni mbolea ya kupandia, maana mahindi hayamsubiri mtu. Iuze, lakini kila mfuko unaotoka uandikwe papo hapo, hata kwenye kikaratasi. Kulinganisha stoo kutafanyika Jumamosi, na mkaguzi umwambie hivyo mwenyewe kabla hajakuuliza. Mbegu mpya ziache mpaka pilika zitulie, ila majina ya wanaoziulizia yaweke. Mapumziko ya vijana yasingoje msimu uishe: mmoja mmoja, kwa zamu, kuanzia wiki hii. Makao makuu watanung'unika. Wacha wanung'unike.

Na yule kijana wa stoo uliyesema siku hizi amekuwa kimya, mpigie leo hii, usingoje kikao. Huenda ameshatia mkono kwenye gunia akakuta joto.

Mama yako