Maswali na Majibu: Injini Zisizo na Turbo Zimebakisha Siku Ngapi?

Ni kweli injini zisizo na turbo zinakwisha kwenye magari ya kifahari ya mbio? (Msomaji, Maweni)

Zinapungua, hazijakwisha. V8, yaani injini ya silinda nane, ya Ferrari 458 ilikuwa ya lita 4.5 na ilipanda hadi raundi 9,000 kwa dakika. Mwaka 2015 ikaja 488 na turbo mbili. Audi R8 na Lamborghini Huracán, zote za V10, zilifika mwisho 2024. Zilizobaki utazihesabu kwa vidole: Porsche 911 GT3, Ferrari 12Cilindri yenye silinda 12 na nguvu za farasi 830, na nyingine chache. Lamborghini Revuelto bado ina V12 inayovuta hewa yenyewe, yaani isiyo na turbo, ila imeongezewa mota tatu za umeme.

Kila nikigusa jambo hili naandikiwa kwamba turbo imeshinda kwa ubora. Sikubali. Kilichoamua ni sheria za moshi, hasa za Ulaya. Turbo huutumia moshi unaotoka kuzungusha feni inayosukuma hewa ndani, basi injini ndogo ikatoa nguvu za kubwa na kwenye vipimo ikaonekana inakunywa kidogo. Injini isiyo na turbo inategemea pistoni ishuke ivute hewa, kwa hiyo lazima iwe kubwa au izunguke sana. Lakini ukikanyaga inaitika hapo hapo, na mngurumo wake hauzibwi na feni njiani. Hicho ndicho tunachonyang'anywa, na wanatupa sauti ya kuigiza kwenye spika. Mimi siitaki.

Nataka kuagiza BMW M3 ya V8, ya 2012, kutoka Uingereza. Nianzie wapi?

Usianze. Gari lililopita miaka minane haliingii Kenya, na nimechoka kulirudia hili. Anayekwambia "ana njia" usimtumie hata shilingi. Tafuta ambayo tayari ina namba za hapa.

Basi ipi inaingia?

Lexus LC 500. V8 ya lita 5, haina turbo, usukani kulia, na Japani zipo. Angalia mwaka wa usajili wa kwanza kabla ya kuangalia rangi. Na ikifika Malindi usiilaze mtaa wa Casuarina kwenye upepo wa bahari miezi mitatu bila kuosha chini kwa maji matamu. Chumvi haijali bei uliyonunulia.

Fundi anataka kukata katalisti, kile kifaa cha kusafisha moshi, ili V8 yangu ingurume. Nikubali?

Hapana. Na utafute fundi mwingine.

Sisi Shela, Lamu, usafiri wetu ni punda na boti. Haya yanatuhusu?

Yanawahusu sana, kwa kuwa baharini mambo yamegeuka. Injini kubwa za boti za Mercury, zile Verado, kwa miaka mingi zilikuwa na superchaja, feni ya kusukuma hewa kama turbo ila inazungushwa na injini yenyewe. Mwaka 2018 kampuni ikaleta V6 na V8 zinazovuta hewa zenyewe, na 2021 ikatoa V12 ya lita 7.6, farasi 600, nayo haina turbo wala superchaja. Boti husukuma maji safari nzima bila kupumzika, na huko ukubwa wa injini una faida yake. Anayesema teknolojia hii imepitwa na wakati aje gatini.

V8 yangu inakula oili. Ni uzee?

Huenda, ila nijibu kwanza: asubuhi unaiwashaje? Majuzi nilikuwa gereji moja hapa Malindi, Barabara ya Lamu, wakimwaga oili ya V8. Ilitoka nzito, nyeusi kama lami. Fundi akachovya kidole, akasugua, akanionyesha juani: chembe za chuma zinang'aa. Mwenyewe alikuwa akiwasha na kuipandisha raundi 7,000 pale pale, vijana wa mtaani wasikie. Injini hizi zinazidi kuadimika, na tunaziua wenyewe.

Pima oili kila wiki, gari likiwa tambarare. Ukitoka nyumbani usipite raundi 3,000 mpaka oili ipate joto, na usidanganywe na mshale wa joto la maji, huo hutangulia. Ukitoka Malindi kwa njia ya Watamu, ukifika Gede utakuwa tayari. Hapo kanyaga.