Mzee ana stenti na kaandikiwa MRI ya moyo: aende tu

Pole na mzee dada. Umeuliza kama MRI (ile mashine ya picha yenye sumaku kubwa) itaivuta ile stenti, kibomba cha wavu wa chuma cha kuweka mshipa wa moyo wazi, aliyowekewa wiki tatu zilizopita alipopata shambulio la moyo, na kwa nini wasirudie eko tu, yaani ultrasound ya moyo. Stenti haivutwi, za siku hizi ni salama hata mapema, ila awaambie wahudumu kabla hajaingia, na kama ana betri ya moyo (pacemaker) au chuma kingine mwilini aseme pia maana hapo ndo kuna ishu.

Eko inaonyesha moyo unavyopampu lakini msuli uliokufa haiuoni vizuri. Kwenye MRI wanapiga sindano ya gadoliniamu, dawa ya kufanya picha ionekane vizuri, mkononi, wanasubiri kama dakika 10 hivi, halafu kovu, yaani huo msuli uliokufa, linatokea jeupeee na msuli wenye afya unabaki mweusi. Kovu likiwa halijafika nusu ya unene wa ukuta, hapo pana nafasi nzuri ya kurudi kufanya kazi, likipita nusu matumaini yanapungua. Pia inanasa bonge la damu iliyoganda ndani ya moyo, ambalo eko inaweza kulikosa, likionekana ataongezewa dawa ya kuzuia damu kuganda.

Figo apime kwanza, sababu ya hiyo sindano. Mle ndani kelele kama wanagonga bati, dakika 45 mpaka saa nzima, na kila mara "toa pumzi, bana". Ajizoeze nyumbani jamani, mama yangu alibana sekunde sita akaanza kukohoa, wakarudia picha kibao.